Wakuu naombeni msaada, chapta ya tatu imerudishwa mara ya pili (masta ya elimu)

Chaki Nyeupe:
Habarini wana jamvi. Mimi ni mwalimu wa sekondari nimejiendeleza, nasoma masta ya elimu, darasani nimemaliza sasa nipo kwenye utafiti. Mada yangu ni sababu za utoro kwa wanafunzi wa kidato cha pili shule za kata, upande wa Ifakara kule. Chapta ya kwanza na ya pili zimepita ila hii ya metodolojia, yaani njia za utafiti, ndo inanitoa jasho, supavaiza kairudisha tena na safari hii kaandika neno moja tu pembeni kwa kalamu nyekundu, "kwa nini?", karibu kila aya. Niliandika nitatumia njia ya kuchanganya, yaani dodoso pamoja na intavyuu, shule nne zina kidato cha pili jumla 400 nikapiga fomula ya Yamane ya kutafuta idadi ya wanafunzi wa kuwahoji nikapata 200, rafiki yangu anasema jedwali la Krejcie na Morgan, la kazi hiyo hiyo, linatoa 196 kwa hiyo nimekosea. Niseme ukweli tu, hiyo ya kuchanganya nimeichukua kwenye kazi ya mwenzangu aliyemaliza mwaka jana. Somo la risachi tulifundishwa kwa kukimbizwa nikafaulu kwa kukariri. Nianzie wapi hivi vitu vinielee? Matusi hapana jamani.

Kalamu ya Kukodi:
Usiteseke mkuu, chapta tatu laki na nusu, siku tatu tu unapata. Njoo inboksi.

Bi Rejesta:
Huyo hapo juu achana naye, siku ya kutetea atakuwa hapatikani kwenye simu na wewe umesimama mbele za watu unaulizwa kwa nini 200 huna jibu.
Mwalimu mwenzangu, hiyo 200 na 196 zisikugombanishe na rafiki yako, hesabu zenu ni zile zile zimepita njia mbili tofauti. Yamane 400 unagawa kwa 1 jumlisha 400 mara 0.05 kipeo cha pili (hiyo 0.05 ni kiasi cha kukosea unachokubali), chini inatoka 2, ndo hiyo 200 yako. Chagua moja, sema umechagua ipi, endelea na maisha. Ila kuna swali ambalo supavaiza wako bado hajakuuliza na naona linakuja. Dodoso lako utawagawia wapi?

Chaki Nyeupe:
Darasani dada, mwalimu wa darasa atanisaidia kuwakusanya.

Bi Rejesta:
Haya, na mtoro siku hiyo yuko wapi?

Chaki Nyeupe:
Duh.

Mkulima Msomi:
😂😂 Hapo kapigwa kwenye mshono. Mimi nimekulia bonde la Kilombero, msimu wa mpunga familia nzima inahamia shamba la mbali, mnakaa kwenye dungu mnafukuza ndege wasimalize mpunga, mtoto anarudi shule wiki kadhaa zimekatika. Ukiingia darasani wakati huo ukagawa madodoso 200 unawauliza waliokuja kwa nini wenzao hawajaja, watakujibu wavivu, watakujibu bodaboda, watakujibu mimba, unaenda kuandika hayo kwenye chapta ya nne kumbe mwenye jibu yupo na kombeo lake shambani.

Bi Rejesta:
Ndo hivyo. Kwa hiyo usianze na njia, anza na swali lako uliulize linataka nini. Kama unataka kujua utoro ni mkubwa kiasi gani na miezi ipi, hapo huhitaji hata dodoso, omba rejesta za mahudhurio za mwaka mzima shule zote nne ukae uhesabu mwezi kwa mwezi. Kama unataka kujua KWA NINI, watafute wale ambao rejesta imekuonyesha wanakosa sana, wachache tu, uongee nao na mzazi na mwalimu wa darasa, na hapo Yamane haina kazi maana huendi kupiga asilimia, unaendelea mpaka unaona majibu yanajirudia hupati jipya. Ukiunganisha hivyo viwili, rejesta ikakuchagulia wa kuongea naye, hiyo sasa ni njia ya kuchanganya yenye sababu na ile "kwa nini" nyekundu unaijibu bila kutetemeka.

Mtani wa Voi:
Naongezea kitu ya dodoso kama bado unalitaka. Mimi nilikuwa na sentensi inasema "Walimu wanafundisha vizuri na hawatuchapi", nikaipeleka majaribio kwa shule ingine nje ya sampo yangu, yaani nje ya zile nilichagua kuchunguza, kijana mmoja akainua mkono akaniuliza, sir, kama anafundisha poa lakini anachapa nachora wapi? Nilitaka kuzama. Alafu liwe kwa Kiswahili, kidato cha pili ukimpa Kingereza atachora "nakubali sana" kuanzia juu hadi chini ndio amalize aende lunch. Huku kwetu Kenya pia lazima kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, sijui nyinyi.

Bi Rejesta:
Kwetu anza na barua ya chuo, inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na halmashauri mpaka kwa mkuu wa shule. Tembea na kopi nyingi, kila meza inabaki na yake. Na hao watoto wako chini ya miaka 18, kwa hiyo mzazi akubali na mtoto mwenyewe akubali, mmoja akikataa muache.

Kalamu ya Kukodi:
Laki moja basi, mwisho.

Chaki Nyeupe:
Mrejesho wakuu. Leo nimeanza na shuleni kwangu maana rejesta zipo hapo hapo, nimekaa nazo tangu saa nane. Kuna kijana mwezi wa kwanza na wa pili hajakosa hata siku, kuanzia wa nne mstari wake mtupu mpaka karibu na likizo, na kwa jina namfahamu, nilishawahi kumchapa kwa utoro. Sikuwahi kumuuliza alikuwa wapi. Mkulima Msomi, kwenda huko mashambani boda wanachukua shilingi ngapi siku hizi?

Mkulima Msomi:
Inategemea mvua mwalimu. Vaa buti.