Mnaoomba koneksheni ya video za ngono zilizovuja kila skendo ikitoka, ripoti ya wizi mbona hamuiombi?

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kiduka cha steshenari huku Mbagala. Kompyuta mbili, printa, mashine ya kutoa kopi, na pembeni naingizia watu muvi kwenye flashi na memori kadi. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba ninachokilalamikia sikuhadithiwa, kimeletwa mezani kwangu.

Novemba 2024 ilipolipuka habari ya video za ngono za Baltasar Ebang Engonga wa Guinea ya Ikweta na wanawake mbalimbali, kwa wiki mbili hivi sikufanya kazi kwa amani. "Broo, unazo za Baltasar?" "Niwekee zote, nakupa buku tano." Mzee mmoja ambaye hapa mtaani ndiye tunayemwita ndoa za watu zikiyumba, aliinama dirishani akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshazipata. Kijana mwingine akaniletea sura ya mwanamke mmojawapo, kaikata kutoka kwenye video, anataka nimchapie kwenye fulana. Niliyemwambia sina na sitaki kuwa nazo alinitazama kana kwamba nimemdhulumu chenji yake.

Kila aliyekuja nilimuuliza swali moja: huyu Baltasar alikuwa anafanya kazi gani? Hakuna hata mmoja aliyejua.

Alikuwa mkurugenzi mkuu wa ANIF, wakala wa taifa wa uchunguzi wa fedha. Yaani mtu aliyewekwa pale kusaka fedha chafu. Ni jamaa wa Rais Teodoro Obiang, ambaye yuko madarakani tangu Agosti 1979. Na video zilipoanza kusambaa, yeye alikuwa ameshakamatwa, yuko gereza la Black Beach kule Malabo, kwa tuhuma za kula fedha za umma. Hapo ndipo palipokuwa na habari, wakuu! Mlinzi wa hazina anatuhumiwa kuiba hazina. Tena mtu yuko ndani, vifaa vyake ikaripotiwa vimechukuliwa na waliomkamata, halafu faragha yake inamwagika mtandaoni kipande kwa kipande. Mtu mwenye akili timamu anauliza nani kazitoa, na katika ukoo unaotawala nani anafaidika akichafuka huyu. Sisi tulikuwa tunahesabu wanawake.

Agosti 2025 mahakama ikamhukumu miaka 8 jela kwa ufisadi. Mnajua moja ya mambo aliyohukumiwa nayo? Posho za safari. Posho! Neno ambalo kila Mtanzania aliyewahi kusubiri huduma kwenye ofisi ya umma analijua. Nikaituma habari ya hukumu kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa, lile lile ambalo Novemba lilikuwa halilali. Akajibu mtu mmoja, na jibu lake lilikuwa: "Video mpya zimetoka?"

Nilikaa na simu mkononi nikashindwa hata kuandika.

Nchi ile ina mafuta yaliyoanza kuchimbwa kwa wingi miaka ya 1990, na watu wake hawafiki hata milioni 2. Kwa hesabu hiyo ilipasa kila mtoto pale apate maji safi na dawati. Makamu wa Rais ni mtoto wa Rais, Teodoro Nguema Obiang Mangue. Mwaka 2017 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kujitajirisha kwa fedha za umma, akakata rufaa mpaka mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa, na mwaka 2021 ikamalizika vile vile: hatiani, faini ya euro milioni 30, na jumba lake la Avenue Foch lenye vyumba zaidi ya 100 likataifishwa. Uswisi walimnyang'anya magari 25 ya kifahari yakapigwa mnada 2019. Lamborghini moja tu kati ya hayo iliuzwa zaidi ya dola milioni 8. Ni huyo huyo aliyenunua glavu ya Michael Jackson kwa dola 275,000. Glavu! Na ndiye aliyejitokeza mbele ya dunia wakati wa zile video kuwafundisha watumishi maadili, akatangaza kuwasimamisha kazi waliofanya ngono ofisini na kuweka kamera za ulinzi.

Hayo yote yako wazi, hayahitaji koneksheni ya mtu. Nani kati yenu aliomba arushiwe hukumu ya Paris?

Halafu kuna kisiwa chao kinaitwa Annobón. Julai 2024 wakazi waliandika barua kulalamika kwamba milipuko ya baruti ya mradi wa ujenzi inaharibu nyumba na mashamba yao. Makumi wakakamatwa, na kisiwa kizima kikakatiwa intaneti. Kwa hiyo miezi minne baadaye, wakati simu zetu zinajaa video kutoka nchi ile, walikuwepo raia wa nchi ile ile wasioweza kutuma hata neno moja la kilio chao.

Msidhani nawasema Guinea ya Ikweta peke yao. Na sisi ndivyo tulivyo. Mwaka 2008 waziri wetu aliulizwa habari ya zaidi ya dola milioni 1 zilizokutwa kwenye akaunti kisiwani Jersey, akaziita vijisenti. Neno likapendwa, likaingia kwenye mizaha na vijiweni, mpaka leo mtu akilipwa mshahara anasema nimepata vijisenti vyangu. Jersey imesahaulika. Mwaka 2014 likalipuka sakata la zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa kwenye akaunti ya Escrow ya Tegeta, fedha za mgogoro wa umeme, Bunge likakesha, lakini ingia kijiweni leo uliza Escrow ilikuwa nini. Watakutajia "hela ya mboga" na kucheka. IPTL, ile kampuni ya kufua umeme, ni nini, mkataba ulikuwaje, sisi walipa luku tuliumia wapi, kimya. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inatoka kila mwaka, bure, hata kwenye simu inafunguka. Ukiiwekea uzi hapa jukwaani unazama kabla ya jioni. Uzi wa mheshimiwa kafumaniwa unafika kurasa mia.

Najua nitakavyojibiwa: "wakubwa hawana faragha, tuna haki ya kujua." Haki ya kujua posho alizokula, ndiyo, tena mpaka senti ya mwisho. Lakini wale wanawake hawakushika funguo za hazina. Hakuna aliyewauliza kama wako radhi kuonekana Mbagala.

Na hapa ndipo moyo wangu unapochomeka. Mwaka mmoja kabla ya habari ya Baltasar kulikuwa na binti mtaa wa pili, mwanachuo. Mwanaume aliyeachana naye akasambaza video yao. Hakuwa tajiri, hakuwa mtoto wa mkubwa, ila mtaa ulimtafuta kwa njaa ile ile: una koneksheni, nirushie, nipe namba ya aliye nayo. Jioni moja nikiwa nafunga, akaja kajitanda khanga mpaka usoni, akasubiri mteja wa mwisho atoke. Alitaka kuchapa barua ya kuahirisha masomo. Nilipokuwa naichapa akaitazama ile kompyuta ya pili, akaniuliza taratibu, "Kaka, hata wewe unayo humo?"

Nilimwambia sina. Akasema, "Sawa," kama mtu asiyeamini. Akalipa shilingi mia tano yake akaondoka. Wakahama mwezi huo huo, nyumba nzima. Aliyesambaza tunakutana naye kituoni kila asubuhi, anasalimiwa vizuri tu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, na kusambaza vitu hivi ni kosa. Ila sheria haiwezi kukaa dirishani kwangu na kila anayekuja na flashi.

Sasa ombi langu, na naliomba kwa hasira kweli kweli. Mods, zile nyuzi za kugawana koneksheni zifuteni zikifunguliwa tu, msisubiri ziripotiwe. Na nyie mnaojiita wafukunyuku, mnaoweza kumtafuta mwanamke asiyejulikana mkampata jina, kazini na kwa wazazi wake ndani ya saa mbili: ripoti ya CAG ya mwaka huu ninayo, nimeichapa yote, nimeibana kwa klipu na iko juu ya kaunta. Ya halmashauri yenu njooni niwatolee kopi kurasa zake, silipishi. Toka nitundike tangazo hilo mlangoni amekuja mwalimu mmoja.

Nawasilisha.