Binti na mapenzi kwenye komedi za zamani: kwa nini baba ndiye anayemiliki hadithi?

Mwaloni16: Wakuu, kikundi chetu hapa Kirumba, Mwanza, kinaandaa komedi ya kifamilia, sehemu 6 za dakika 25. Mhusika mkuu ni binti wa kidato cha nne, mama yake anauza dagaa mwaloni. Tumetazama za zamani za Marekani kujifunza muundo, ila kila binti akipenda, hadithi inahamia kwa baba. Tukwepe vipi?

Jiwe_la_Capri Point: Tazameni Father Knows Best, komedi ya runinga ya Marekani, ile sehemu ya 1956 Betty, binti mkubwa wa familia, anapotaka uhandisi. Anajiunga na wapima ardhi, kijana mmoja anamkatisha tamaa kwamba hiyo si kazi ya wasichana. Baadaye kijana anafika nyumbani na chokoleti, Betty anashuka amevaa gauni, uhandisi umeishia hapo. Si kwamba kazi ilimshinda. Gauni ndilo limefunga hadithi, na inaniuma kila nikiitazama.

Dawa: kabla ya kumleta mvulana, andikeni jambo moja analolitaka binti ambalo mvulana hahusiki nalo, liendelee sehemu zote 6. Zile za zamani kila wiki zilianza upya, kwa hiyo mvulana wa leo kesho hayupo, na binti hajifunzi kitu.

DadaNyegezi: Naongezea Gidget ya 1965, komedi nyingine ya runinga ya Marekani, Gidget ndiye binti mwenyewe. Baba yupo, tena mkali kiasi, lakini binti mwenyewe ndiye anayesimulia, kwa hiyo wavulana tunawaona kwa macho yake. Mpeni binti wenu sauti hiyo.

Pia angalieni kicheko. Pitieni mswada, wekeni alama kila mahali mtazamaji atakapocheka. Alama zikiangukia pale binti anapoumia, mnamcheka yeye, si hali iliyomkuta. Andikeni upya.

Mwaloni16: Asante dada. Na simu? Zamani ilikuwa ya mezani, familia nzima inasikia. Siku hizi binti anajifungia chumbani, kichekesho kinakufa.

DadaNyegezi: Basi asiwe na simu. Ipo moja tu, ya mama, ya oda za dagaa. Mvulana anatuma: "Nitapita saa kumi, usimwambie mtu." Mama anadhani ni mteja anayekwepa wenzake, anapima ndoo mbili, anaziweka kando, na saa kumi anamsubiri mlangoni.