NYIE WAZAZI MNAOWEKA DOLA 20 KWA JINO MOJA, NANI KAWATUMA?

Wakuu nimekereka na leo sitaki mtu aniambie nipunguze jazba. Tuliopo huku Texas na watoto wa kindagaten mpaka darasa la tatu mnajua naongelea nini, hii ishu ya Tooth Fairy, yule wa hadithini ambaye watoto wanaaminishwa anapita usiku kununua meno yaliyong'oka. Mtoto anang'oka jino, analiweka chini ya mto, usiku we mzazi unanyata unachukua jino unaacha hela, asubuhi kelele nyumba nzima. Kwangu haina shida. Sisi tulirusha juu ya bati tukadai jipya na maisha yakaenda, ila hawa wamezaliwa huku, na huwezi kumwambia mtoto arushe jino juu ya apatimenti ya ghorofa tatu.

Sasa binti yangu kang'oka la mbele, nikamwekea noti ya dola 2, ile yenye Jefferson, nimeenda kabisa kuiomba kaunta benki maana mtaani haionekani. Kafurahi huyo, kaenda kuwahadithia wenzie shule. Karudi kanuna. Kuna mwenzie darasani kapewa 20, jino la mbele vilevile. Ananiuliza, "Baba, kwani jino langu lilikuwa chafu?"

Haya nyie wa dola 20 nisaidieni, nilitakiwa nijibu nini hapo? Maana ukimnunulia mwanao baiskeli ya dola 500 mi wangu namwambia ile kanunua baba yake, sisi hatuna, yameisha. Ila hapa mtoa hela ni huyohuyo mmoja, eti anapita nyumba zote, na meno ni yaleyale, kwa hiyo mtoto akipewa kidogo hana pa kupeleka lawama zaidi ya kwake mwenyewe au kwenye jino lake. Unataka kumpa mwanao 20? Mpe kwa jina lako! Sio unajificha nyuma ya Tooth Fairy halafu bei uliyopanga we na mkeo tunaibeba darasa zima.

Na msiniambie ndo bei ya huku. Delta Dental, wale wa bima ya meno, wanawauliza wazazi wa Marekani hili swali toka 1998, mwaka huo wastani ulikuwa dola 1.30. Ikapanda mpaka 6.23 mwaka 2023, 2024 ikarudi 5.84, na 2025 ni 5.01. Wenye nchi wanapunguza, we uliyeingia juzi na grini kadi unapandisha, unatafuta nini?

Alafu pigeni hesabu basi. Mtoto ana meno 20 ya utoto, 20 mara 20 ni dola 400 kwa mtoto mmoja na we unao watatu. Kima cha chini Texas bado 7.25 kwa saa, hakijaguswa toka 2009, yaani kuna mtu anasimama weahausi karibu saa tatu kulipia jino lililokuwa linatoka lenyewe bure!! Na yanaanza kung'oka kwenye miaka sita, magego yanamalizia miaka 11, 12 huko, umri ambao ashajua kitambo kuwa ni wewe. Utampunguzia vipi? Atakugongea mlango kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Wabongo wenzangu ndo mmezidi. Kuna mmoja grupu letu la WhatsApp kaweka status noti ya 50 kaipaka glita, pembeni barua ya Tooth Fairy kaiprinti kwa rangi, eti jino la kwanza ni la kipekee. La kwanza kuongezewa kidogo sikatai, wengi wanafanya hivo, ila 50? Na huyohuyo tukichangishana msiba anatuma 10 na maelezo marefu ya hali ngumu. Status yenyewe imefika mpaka Dar, shemeji yangu ambaye mwanae yupo hizi shule za intanashono kanipigia anauliza kwa shilingi inakuwa ngapi. Nikamwambia shem, bati si mnalo? Rusheni.

Nimeandika kwenye grupu la wazazi wa darasa, kistaarabu kabisa, jamani tukubaliane isizidi dola 5, anayetaka kuweka 1 aweke, ila juu ya 5 hapana. Mzazi mmoja kanijibu kila familia ina utaratibu wake, na kaemoji ka moyo. Wengine kimya. Utaratibu wa familia yenu mbona unakuja kumliza mtoto kwangu?

Jino la pembeni nalo linacheza sasa hivi, wiki halimalizi, na 20 siweki. Wa dola 20 njooni hapa mjieleze, ila ukija na "kila mtu na uwezo wake" nitajua hujasoma uzi.