Naomba ushauri: nataka wanafunzi waone yai la kambale likigawanyika, niko Moshi

Wakuu habari za jioni. Nafundisha baiolojia hapa Moshi, kuna jamaa anazalisha vifaranga vya kambale Himo kakubali kunipa mayai yaliyochanganywa na shahawa muda huo huo, nataka madogo wa kidato cha sita waone wenyewe maana vitabu vyetu ni chura tu kila mwaka.

Ninachojua ni cha zebrafishi (samaki mdogo anayetumika sana maabara), kwenye maji ya nyuzi 28.5 mgawanyiko wa kwanza unakuja kama dakika 45 baada ya kurutubishwa halafu unaofuata ni kila robo saa hivi, na haukati yai zima, seli zinakaa juu ya kiini cha njano kama maandazi kwenye sinia na kwa chini bado zimeungana nacho mpaka kwenye seli 16 hivi ndo za katikati zinaanza kujifunga na kutengana nacho.

Sasa kambale mayai yananata na hayapitishi mwanga vizuri, je mwanga wa juu utatosha kwa hadubini ya kawaida? Maji yetu ya mlimani ni baridi, nayapashaje bila hita? Na huo muunganiko wa seli na kiini unaonekana bila kudunga rangi? Sindano hizo sina.