Kubana kasi ya prosesa, kupunguza volti au kununua betri mpya?

Kipepeo_K: Habari zenu wakuu. Laptopu yangu inachemka mpaka siwezi kuipakata, feni inavuma muda wote, na chaji haifiki hata saa mbili. Betri mpya nimeshaichagua mtandaoni, bado kulipa tu. Sasa jamaa mmoja ananiambia nisiharakie hela, nibane kasi ya prosesa. Mwingine anasema dawa ni kupunguza volti. Nishike lipi? Nawasilisha.

Solda: Mkuu, prosesa gani? Windows au Linux? Ina umri gani? Inachemka ukiwa unafanya nini? Bila hayo tutapiga ramli.

Tumbusi: Hata kabla hajajibu: ingia kwenye mipangilio ya kina ya umeme ya Windows, sehemu ya prosesa, kiwango cha juu kikiwa 100 andika 99. Basi. Mimi ni mwaka wa nne natumia hivyo na mashine iko kimya.

Kipepeo_K: Samahanini. Ni Core i7-8550U, Windows 10, niliinunua ikiwa imeshatumika. Kazi zangu ni kuandika, kivinjari chenye kurasa nyingi, na mikutano ya video. Tumbusi, asilimia moja itabadilisha nini?

Solda: Si asilimia moja, mkuu. Ukiweka 99 unazima Turbo Boost, ule uwezo wa prosesa kujiongezea kasi. Prosesa yako kasi yake ya msingi ni gigahezi 1.8, ila ikipata kazi inaruka hadi 4.0. Na kasi ikipanda, volti nayo inapanda, halafu umeme unaoliwa unafuata kasi mara mraba wa volti. Tuseme kwenye 4.0 inataka volti 1.1, na kwenye 1.8 inatosheka na 0.75. Piga hesabu: umeme unashuka hadi kama humusi moja, wakati kasi haijashuka hata kufikia theluthi. Ndiyo maana joto linaanguka vile. Gharama yake utaiona kwenye kazi nzito, si kwenye kuandika.

Nusura: Hapo sikubaliani nawe, kaka Solda. Prosesa ikimaliza kazi haraka inalala haraka. Ukiibana inakesha muda mrefu, na muda wote huo skrini, diski na kumbukumbu vinakula chaji. Mtu wa kuandika prosesa yake imelala karibu muda wote, utamwokolea nini? Apunguze mwanga wa skrini kwanza.

Solda: Dada Nusura, hilo la kulala haraka ni kweli kwa kazi fupi. Ila mkutano wa video hauishi haraka kwa sababu prosesa ina mbio. Saa moja ni saa moja. Hapo kubana kunalipa.

Nusura: Kwa mkutano nakubali. Kwa kuandika bado.

Kitasa: Naomba niseme la volti, maana nimeungua. Nilikuwa na prosesa ya kizazi hichohicho. Nikachukua ThrottleStop, programu ya kurekebisha prosesa, nikashusha milivolti 80, nikaijaribu kwa mzigo mzito saa nzima, ikatulia. Joto likashuka, nikafurahi, nikashusha hadi 110. Nikajaribu tena, salama. Wiki mbili zikapita. Usiku mmoja nimeacha faili la mahesabu wazi, nimeenda kunywa maji, mashine haifanyi kitu chochote. Narudi nakuta skrini ya bluu. Ikawaka, ikazima tena. Faili likafunguka likiwa na mistari ya alama zisizosomeka, kazi ya miezi mitatu. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya mwezi wa kwanza wa kazi hiyo. Kumbe nilikuwa naipima kwenye mzigo tu, wakati udhaifu ulikuwa kwenye kasi ya chini, pale inapolala na kuamka. Hakuna kipimo cha saa moja kitakachokuonyesha hilo. Ukitaka kushusha volti shusha kidogo kidogo, ukae nayo siku nyingi, na nakala ya kazi zako iwe pembeni kila siku.

Tumbusi: Pole sana mkuu. Na laptopu nyingi siku hizi hazikubali tena kushushwa volti. Tangu udhaifu wa kiusalama wa Plundervolt, uliopitia kwenye volti, utangazwe 2019, masasisho ya baiosi (programu ya msingi inayoiwasha mashine) yakafunga mlango huo.

Pengwini: Hamia Linux uachane na kubahatisha. Unaandika 1 kwenye /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo, Turbo imezimika saa hiyohiyo. Programu ya TLP, ukiipangia, itakufanyia hivyo kila ukichomoa chaja.

Nusura: Kaka, mtu kauliza betri, unamhamisha nyumba.

Pengwini: Kauliza joto pia.

Solda: Tusipotee. Mashine iliyotumika, feni inavuma hata kwenye kuandika: imefunguliwa lini ikatolewa vumbi? Nimewahi kukuta kati ya feni na mapezi ya shaba kuna utando wa vumbi mnene kama kitambaa, unaubandua mzima kwa kidole. Na pesti ya joto, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa, ilikauka ikawa kama chokaa. Hapo hata ukibana kasi unafunika tatizo.

Kipepeo_K: Nimeweka 99. Kwenye mkutano wa jana joto lilikuwa nyuzi 94, leo 68, na feni nimeisikia mara moja tu. Kurasa zinachelewa kidogo kufunguka, navumilia. Lakini chaji imeongezeka kama dakika ishirini tu. Kuifungua sijawahi.

Nusura: Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Linganisha ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa.

Kipepeo_K: Kiwandani 48,000, sasa 26,400.

Nusura: Basi karibu nusu ya betri imeshakwenda. Hakuna mpangilio utakaoirudisha.

Tumbusi: Ila ukiweka mpya, usiiache kwenye chaja ikiwa 100 siku nzima. Ikomeshe kwenye 80.

Pengwini: Hiyo 80 inategemea kama mtengenezaji ameiweka. Mashine yako ni ya kampuni gani?

Solda: Na kabla hujalipa, uifungue uiangalie betri yenyewe. Kama imevimba, usiichaji tena hata leo.