Nguvu ya papo kwa papo katika saketi yenye diodi: tukokotoe kwa njia ipi?

Mwanafunzi_Umeme: Ndugu wanajukwaa, nina saketi ya mkondo geu wa volti 230, Hz 50, yenye diodi moja (kijenzi kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) na kikinza cha omu 100. Je, nizidishe volteji, mkondo na kosaini ya pembe ya awamu, nichanganue harmoniki (mawimbi ya sine yenye masafa ambayo ni vizidisho vya Hz 50), au nizidishe sampuli za volteji na mkondo, yaani thamani zinazosomwa mojamoja kwa vipindi vifupi?

FundiSaketi: Njia ya kwanza iache. Fomula hiyo ni ya mawimbi ya sine, ilhali mkondo wako ni nusu wimbi. RMS yake (thamani fanisi ya mkondo) ni takriban ampea 1.63, na kwa kuwa haucheleweshwi, kosaini ni 1 na utapata wati 374. Ukipuuza volteji ndogo ya diodi, wastani halisi ni wati 264.5, yaani nusu ya wati 529 ambazo kikinza kingetumia bila diodi.

Mkufunzi: Nakubaliana nawe, ila harmoniki zisidharauliwe. Volteji ikiwa sine safi, nguvu ya wastani hubebwa na sehemu ya mkondo yenye Hz 50 peke yake, ambayo hapa ni ampea 1.15, zidisha kwa 230, utapata 264.5 ileile. Ndiyo maana pawa fekta, yaani uwiano wa nguvu halisi na zao la RMS za volteji na mkondo, ni 0.707 ingawa hakuna mchelewo wowote. Hata hivyo, nguvu ya papo kwa papo hupanda hadi wati 1,058, kisha hukaa sifuri kwa milisekunde 10, na umbo hilo huonekana wazi zaidi kwenye sampuli.

Mpimaji: Ukipima kwa Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), kuna tahadhari. Husoma chaneli moja baada ya nyingine, na kila usomaji huchukua takriban milisekunde 0.1, sawa na digrii 1.8 kwa Hz 50 na digrii 7.2 kwa harmoniki ya 4. Soma volteji, mkondo, kisha volteji tena, na uzidishe mkondo kwa wastani wa volteji hizo mbili.

Mwanafunzi_Umeme: Nashukuru sana, wakuu. Je, transfoma ya kupimia mkondo, ile ya kubana waya, itafaa?

Mpimaji: Haitafaa. Nusu wimbi lako lina sehemu ya mkondo mnyoofu (usiobadili mwelekeo) ya takriban ampea 1.04, na transfoma haipitishi mkondo mnyoofu; zaidi ya hayo, kiini chake kinaweza kujaa usumaku na kupotosha umbo la wimbi. Tumia kitambuzi cha Hall, kinachopima mkondo kupitia usumaku wake, ambacho pia hutenganisha upande wa kupimia mkondo na umeme wa ukutani.