MREJESHO: Mbwa wangu, tumbo lilikuwa halisukumi chakula baada ya upasuaji

Wakuu, asanteni sana kwa ushauri mlionipa nilipouliza hapa kuhusu mbwa wangu. Ni yule mbwa aliyepasuliwa baada ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, kisha akawa anatapika chakula cha tangu jana yake.

Aliyeshauri apimwe potasiamu (madini yaliyo kwenye damu), ubarikiwe: ilikuwa chini kweli, na ikiwa chini misuli ya tumbo hulegea. Ikarekebishwa. Picha haikuonyesha kizuizi, ndipo dawa za kusukuma tumbo zikaanza. Ya kwanza, metoklopramaidi, ilimfanya ahangaike tu. Daktari akambadilishia sisapraidi, hiyo ndiyo iliyoleta nafuu. Anakula milo midogo, laini, isiyo na mafuta mengi (mafuta huchelewesha chakula kushuka).

Hajapona kabisa. Akibugia bado anatapika, ila uzito unarudi.